Choo Alichokataa Mzee Wasonga

Mwaka wa 1981 nilikuwa na miaka kumi na sita, na huo ndio mwaka shida ilipohamia kwetu kama mpangaji asiyelipa. Baba alikuwa amenileta Kisumu kutoka upande wa Murang'a tuuze viazi na karoti sokoni. Malaria ikamchukua msimu wa mvua. Ndugu zake wakaja wakabeba mwili, wakabeba mizani, wakabeba na magunia, mimi wakaniacha niuze kilichobaki kibandani. Kilichobaki kilikuwa kimeoza. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la tano. Hilo nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza cheti. Vyeti vyangu viko chini ya sakafu za watu, kutoka Milimani mpaka Nyamasaria, na havinuki.

Sasa nyinyi vijana mnaojifunza kazi ya mabomba mmeniomba niwaeleze kitu kimoja: kwa nini choo kinavuja wakati bakuli ni jipya, bomba ni jipya, na vigae vinang'aa kama meno ya mtoto. Nitawaeleza. Lakini siwezi kueleza bila kumtaja Mzee Wasonga, na nikishamtaja sitafika mwisho nikicheka. Mnivumilie.

Mzee Wasonga alikuwa fundi wa mabomba, akikaa chumba kimoja mtaa wa Kaloleni. Alinikuta kwenye bomba la watu wote nikiosha viazi, nikitafuta vile vya kuokoa. Bomba lilikuwa linavuja shingoni, mimi nikalifunga kwa mpira wa baiskeli ili maji yasiniloweshe. Akasimama akatazama.

"Nani amefunga hii?"

"Ni mimi, Mzee."

"Umefunga vibaya." Akainama, akagusa ule mpira. "Lakini umefunga. Watu wa hapa wamepita hii maji mwaka mzima wanaruka tu."

Jioni nilikula ugali na dagaa wa omena chumbani kwake, na nikalala kando ya jiko. Hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Mke wake alikuwa ameshafariki, na watoto wake walikuwa wasichana wawili, wote wameolewa mbali. Aliyebaki karibu ni dada yake, Mama Akinyi, aliyekuwa akiuza samaki Dunga, ufukweni mwa ziwa, mwanamke wa sauti ya kuvuka maji. Mama Akinyi aliponiona mara ya kwanza alisema, "Wasonga, umeokota mtu wa mlima? Huyu atakula viazi yako yote." Mzee akamjibu, "Viazi alikuja nazo mwenyewe."

Basi tuingie kazini.

Bomba la uchafu linatoka ardhini na kusimama sakafuni likiwa limefungua mdomo. Juu ya mdomo huo inakaa pete pana tunayoiita flenji. Bakuli la choo linakaa juu ya flenji, linafungwa kwa bolti mbili, na kati ya bakuli na flenji kuna pete ya mpira au ya nta inayobanwa mpaka maji yasipate pa kutokea. Mtu akikaa, uzito wake unashuka kwa bakuli, bakuli linakaa kwa sakafu, mpira unabaki umebanwa vizuri. Ndiyo siri yote. Wengine wanaisomea miaka.

Ubaya unaingia siku ile mwenye nyumba anapotaka vigae. Sakafu yake ni ya simiti ya zamani. Fundi wa vigae anakuja, anamwaga kitanda cha simiti, anapanga vigae, anapangusa, anaondoka akipiga mluzi. Sakafu imepanda unene wa kidole gumba au zaidi. Flenji haijapanda. Iko palepale ilipokuwa, sasa imekuwa shimoni. Ukirudisha bakuli linakaa juu ya kigae, na mpira hauigusi flenji sawasawa. Fundi mvivu anajaza puti, ile laini ya kuzibia, hapo katikati. Puti inavumilia kidogo, kisha maji yanaanza kupita chini ya vigae polepole. Hutayaona. Utasikia tu kigae kimoja kimeanza kulia kama debe ukikikanyaga, na mwenye nyumba atamlaani fundi wa vigae, ambaye yuko kwingine anapiga mluzi.

Flenji ilale juu ya kigae kilichokwisha. Siyo chini yake. Ukiwahi kabla ya vigae, kata bomba uunge kipande kirefu, flenji ipande mpaka pale sakafu itakapofika. Ukiwa umechelewa, ongeza pete nyingine juu ya ile ya zamani, weka mpira kati ya hizo mbili, ubane kwa skrubu ndefu mpaka zishike simiti ya chini. Hizo ndizo njia. Puti si njia.

Na usizidishe vilevile. Flenji ikisimama juu sana, bakuli haligusi sakafu, linayumba. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyeweka vigae haraka kwa sababu ya harusi ya binti yake. Hakutuita sisi. Alimwita mtu aliyesema amesomea Nairobi. Siku ya harusi mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye suti ya vipande vitatu, akaingia chooni wakati hotuba zinaendelea. Alipotoka suruali ilikuwa imelowa upande mmoja. Mwenye nyumba akamwuliza kama yuko sawa. Akasema, "Niko sawa, bwana. Lakini ungeniambia choo yako ni mashua, ningekuja na kasia." Kesho yake tuliitwa. Mzee Wasonga alilitingisha lile bakuli kwa kidole kimoja, akanitazama, akajizuia mpaka tulipokuwa barabarani. Hapo ndipo alipokaa juu ya jiwe akacheka mpaka akakohoa.

Alikuwa na gunia dogo la vipande vya vigae, vya unene mbalimbali. Wengine walidhani ni taka. Akifika kwenye kazi anakoroga simiti kiasi cha kiganja, anaipiga kando ya bomba, anaweka juu yake kipande cha kigae kile kitakachotumika, halafu anaweka pima maji kutoka kigae hicho mpaka mdomo wa bomba. Hapo ndipo anapojua akate wapi. Akanifundisha, "Usipime na sakafu unaona. Hiyo inaenda. Pima na ile inakuja."

Mara ya kwanza kunipa msumeno nilipima kwa sakafu niliyoiona. Nikakata bomba likawa fupi. Mzee hakunipiga. Alichukua kile kipande nilichokikata akanipa. "Weka hii mfukoni. Ikiota uniambie. Bomba si nywele." Nilikibeba mpaka mfuko ukatoboka.

Siku hizi mna flenji za plastiki zinazopanda na kushuka kwa kuzungushwa. Vizuri. Sisi tulianza na mabomba ya chuma, mazito kama dhambi, viungo vikizibwa kwa kamba ya katani na risasi iliyoyeyushwa. Plastiki ilipofika Mzee aliikunja, akainusa, akasema hiki ni kikombe cha uji. Baada ya muda alikuwa anaikata haraka kuliko mimi. Hakuwa mtu wa kung'ang'ania. Kumbukeni hilo, kwa sababu mbele nitawaeleza jambo ambalo hakulegeza hata unywele, na mimi nikadhani ni ukaidi.

Nilijitegemea, nikaoa. Mke wangu ni Wambui, kwao ni karibu na kwetu, lakini tulikutana Kisumu. Mwaka wa 1993 nikajenga Nyamasaria, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvuta viatu wakati wa mvua. Nyumba ya mawe. Na ndani ya nyumba, choo cha kukaa na bafu, vigae vyeupe sakafuni. Watu walikuja kutazama. Mtu wa darasa la tano, choo ndani. Sijifichi, nilijivuna, na nina haki.

Mwaka wa 1996 Mzee Wasonga akapata ule ugonjwa wa wanaume wazee, wa kwenda haja ndogo kila mara, na ukifika haitoki. Chumba chake cha Kaloleni kilikuwa mbali na vyoo vya watu wote. Jirani akaniambia amemkuta ameshika ukuta katikati ya njia, anapumzika ili afike. Niliposikia hivyo sikulala. Asubuhi nikaenda na mkokoteni.

"Mzee, twende kwangu. Choo kiko ndani. Kutoka kitandani ni hatua chache."

"Mimi nitakuwa mzigo."

"Uliwahi kuniuliza mimi kama ni mzigo?"

Akatazama kitanda chake, jiko, lile gunia la vipande vya vigae. "Beba gunia," akasema.

Nataka mwelewe vizuri. Nilimchukua kwa sababu ya choo. Sikuwa na sababu nyingine.

Tulipofika Wambui alikuwa mlangoni. Akasema, "Karibu Baba." Mzee akasimama kidogo kama mtu aliyeitwa jina alilolisahau. Hakumpa mkono. Aliinamisha kichwa, akasema, "Ahsante, mama," akaenda kukaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na mlango wa nje. Kiti hicho ndicho alichokikalia siku zote. Chakula chake aliomba awekewe hapo.

Nikampeleka kumwonyesha choo. Nilikuwa nimengojea siku hiyo tangu nijenge. Nikafungua mlango, nikawasha taa. Yeye alisimama kizingitini, hakuvuka. Akatazama sakafu muda mrefu, akatazama bakuli, akatazama pembe zote.

"Vigae imepanda," akasema.

"Na flenji imepanda nayo, Mzee. Nilipima na ile inayokuja."

"Mm." Kisha akageuka. "Choo ya nje iko wapi?"

Mwisho wa ploti, nyuma ya mahindi, kulikuwa na choo cha shimo walichotumia vibarua wakati wa kujenga. Mabati yameinama, mlango ni gunia. Mzee alichukua fimbo yake akaenda huko. Nikadhani ni siku ya kwanza, ana haya ya mgeni. Kesho akaenda tena huko. Na kesho kutwa. Halafu mvua ndefu ya masika ikaanza, na mnajua udongo wa Nyamasaria. Mtu mzima mwenye afya anatembea kama bata. Yeye alikuwa anakwenda na kurudi mchana kutwa na usiku, mgonjwa, fimbo ikizama, koti limelowa, miguu imevaa matope kama viatu vingine.

"Labda amezoea nje," Wambui akasema.

"Yeye? Ameweka vyoo nusu ya mji huu."

"Basi muulize."

Nilimwuliza. Alisema, "Usijali. Kule kuna hewa." Nani anakwenda kwa shimo kutafuta hewa?

Nikawaza, na kila nilipowaza nilifika mahali pamoja: ameona kosa. Alisema vigae vimepanda. Ameona kitu pale kizingitini ambacho mimi sikukiona, na kwa heshima hataki kunifedhehesha mbele ya mke wangu. Fundi akikataa kukaa kwenye choo cha mwanafunzi wake, kuna maana gani nyingine? Jambo hilo lilinichoma kuliko tusi.

Jumamosi nikafunga maji, nikafungua bolti, nikanyanyua bakuli. Flenji ilikuwa imelala juu ya kigae kama sahani juu ya meza. Mpira mzima. Chini kavu. Nikarudisha kila kitu. Kisha nikafanya jaribio alilonifundisha yeye mwenyewe: unakoroga buluu ya kufulia kwenye tangi la choo, unazungushia kurasa za gazeti kavu chini ya bakuli, unavuta maji mara nyingi. Penye uvujaji hata wa jasho, gazeti litashika rangi ya samawati. Nikavuta mpaka tangi likachoka. Nikampelekea gazeti pale kwenye kiti chake.

"Tazama, Mzee. Kavu."

Alilishika, akaligeuza upande huu na huu, akalikunja kwa taratibu. "Naona. Kazi ni safi. Mimi mwenyewe singeweka hivi."

Nikangoja. Akachukua fimbo, akainuka, akatoka nje kwenye mvua.

Siwezi kuwaeleza jinsi nilivyosimama pale na lile gazeti.

Siku chache baadaye alianguka. Jirani aliyekuwa anapalilia alimwona kando ya choo cha shimo, amelala ubavu kwenye matope, anajaribu kujifunika koti ili asionekane vibaya. Hilo la koti jirani alinisimulia akilia. Nyonga ilikuwa imepata ufa. Akalazwa hospitalini.

Mimi nilirudi nyumbani nikachukua tindo na nyundo. Sikuwa na akili nzuri. Nilisema kama si flenji basi ni urefu wa kiti, kama si urefu basi ni mteremko wa sakafu, na akitoka hospitali atakuta hakuna kitu cha kukataa. Nikaanza kuvunja vigae vyangu mwenyewe.

Mama Akinyi alinikuta hapo. Alikuwa ametoka Dunga kumwona kaka yake, akapitia kwetu na samaki watatu ndani ya gazeti. Akasimama kwenye korido.

"Wewe Kamau, unavunja nini?"

"Sakafu."

"Imekukosea nini?"

"Mzee hataki kutumia choo hiki. Kuna kosa nimefanya na hataki kuniambia."

Alianza kucheka. Sauti yake ikajaa nyumba. Halafu akanitazama usoni na kicheko kikakatika. Akaweka samaki chini.

"Umekaa Kisumu tangu utoto wako, na hujui?"

"Nijue nini?"

"Hapo ndani nani anaoga?"

"Sisi. Mimi na Wambui na watoto."

"Wambui anakaa hapo?" Akaelekeza kidole kwenye bakuli.

"Anakaa, sasa akae wapi?"

"Basi. Kaka yangu hawezi kukaa pahali mke wa mtoto wake anakaa. Hawezi kuvua nguo pahali yeye anavua. Hata akikufa. Hiyo ni aibu mbaya kwetu, ni kama kumkosea yule mama mwenyewe. Baba ya bwana anaheshimu mke ya mtoto, anakaa mbali."

Nilikuwa bado nimeshika tindo. "Lakini mama, mimi si mtoto wake."

Mama Akinyi akaokota samaki wake, akanipita kwenda jikoni.

"Enda umwambie yeye hivyo," akasema.

Hospitalini nilimkuta amelala chali, amegeuzia uso dirishani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nikasema, "Mama Akinyi amenieleza."

"Yule mdomo yake ni mlango bila komeo."

"Kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

Akakunja ukingo wa shuka. "Ningesema aje? Nikuambie, Kamau, mimi siingii hapo kwa sababu mimi ni baba yako? Baba hajitangazi. Wewe una baba, alikufa, unajua kaburi yake. Kama wewe ungekuwa tu kijana nilifanya kazi na yeye, ningeingia siku ile ya kwanza. Nimekaa kwa vyoo ya matajiri, ya mapadri, sijaona haya. Lakini yule msichana alisimama kwa mlango akasema, Baba. Nikaona sawa. Imekuwa hivyo."

"Ungeniambia ningejenga kingine siku hiyohiyo."

"Na kama ungesema, mzee, mimi si mtoto wako, tumia tu choo?" Akanigeukia. "Ningetoka hapo nikaenda wapi?"

Nikamfunika blanketi vizuri. Kisha nikarudi nyumbani kupima mahali pa choo kingine.

Vibarua niliowatafuta kwanza walitaka kuanza Jumatatu, nikawaambia waende zao. Nilichimba mwenyewe. Nilijenga chumba kidogo kilichoegemea ukuta wa nyumba upande wa nyuma, karibu na chumba alicholala Mzee, lakini mlango wake ukitazama ua, hauna njia ya kuingilia ndani. Wambui alipoelewa ni cha nini alikaa mbali. Siku zote za ujenzi hakukanyaga msingi ule. Alinipa maji ya kunywa akiwa amesimama kwenye kona ya nyumba, akayaweka chini, akarudi. Hakuna aliyemfundisha.

Mzee alirudishwa kabla sijaweka sakafu. Alikuwa amepungua, magongo mawili kwapani, mkojo ukitoka kwa mpira kwenye kichupa. Daktari alisema mpira utatolewa akipata nguvu. Akaomba kiti chake kiletwe nje ya chumba kile kidogo, na gunia lake. Alichagua kipande cha kigae, akakipitisha kwenye kidole gumba, akanirushia.

"Weka."

Nikakoroga simiti kiasi cha kiganja, nikaipiga kando ya bomba, nikaweka kigae, nikaweka pima maji.

"Sasa kata."

"Hapa?"

"Juu kidogo, chini ya bakuli utajaza simiti. Hii udongo yako inapumua. Utaongeza sakafu siku moja, usije kutukana mimi." Akafikiri. "Na hakuna ngazi kwa mlango. Mguu yangu haipandi."

Kwa hiyo sakafu ikabidi ilingane na ua, na bomba lishuke, na mteremko upatikane kwa kuchimba zaidi mpaka shimo la maji taka la nje. Tulibishana kama zamani. Alinitukana kwa Kiluo, nikamjibu kwa Kikuyu, kila mtu akaridhika. Nilipoweka vigae alitaka kila kimoja kigongwe kwa mpini wa mwiko asikie sauti yake. Kimoja kililia kidebe. Nikakitoa bila kubishana.

Kisha simiti ikahitaji kukauka. Vijana, simiti haijui kama kuna mgonjwa. Ukikalisha bakuli mapema bolti zitalegea. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo, na yeye ndiye aliyekuwa anauliza kila asubuhi, "Bado?" Nilimwambia bado. Wakati huo uso wake ulikuwa unazidi kuwa mdogo, na mimi nilikuwa nagusa sakafu kwa kiganja kama mama anavyogusa paji la mtoto, nikiomba ikauke.

Walimtoa ule mpira wa mkojo siku ambayo bakuli lilikuwa limekaa. Asubuhi yake akaenda mwenyewe, magongo mawili kwenye ua tambarare, bila matope, bila ngazi. Akafunga mlango. Mimi nilisimama mbali nikijifanya napanga mawe. Wambui alikuwa jikoni anaosha vyombo, ukuta mmoja tu katikati. Tukasikiliza. Kisha maji yakavutwa, yakashuka vizuri, bila kugugumia. Jikoni vyombo vilikuwa vimenyamaza. Kisha vikaanza tena, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Mzee akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akavuta komeo akaliangalia.

"Haitingishiki," akasema.

Alikitumia mpaka mvua ndefu ilipokwisha. Kisha ugonjwa ukapanda kwenye damu, akarudi hospitalini, na safari hiyo hakutoka. Alipelekwa kwao Seme akazikwa. Kwenye mazishi wazee walisimama wakataja waliobaki: dada, mabinti, wakwe, wajukuu. Mimi nilitajwa pamoja na marafiki wa kazi. Mama Akinyi alitaka kuinuka awasahihishe, nikamshika mkono. Watu walikuwa wamesimama juani, na jambo lenyewe halikuwa la kusemwa kwenye kipaza sauti. Wambui alikuwa amekaa mbali na jeneza, pale wanapokaa wake wa watoto. Hakuna aliyemhamisha.

Basi. Flenji mmeielewa. Pimeni na sakafu inayokuja, na kabla hamjakata bomba ulizeni ni nani atakaa hapo, na ni nani mwingine anakaa hapo. Hilo la pili kwenye darasa hamtafundishwa.

Leo nina ploti moja Nyamasaria, hati iko kwa jina langu. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne na vyumba vitatu vya kupangisha. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa. Nina msumeno, tindo nne na pima maji mbili, moja ikiwa ya Mzee, kioo chake kimepasuka lakini haidanganyi. Nina gunia la vipande vya vigae. Nina mke, watoto watatu, na mtoto wa kiume mkubwa alioa mwaka juzi, anaishi na mkewe katika nyumba yetu. Msichana mzuri. Ananiita Baba. Na nina choo kimoja cha nje, mlango wake unatazama ua. Hicho ndicho ninachotumia mimi.